Utitiri wasio na jina wanavyomtia hasara mkulima

MKULIMA wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, anapoona majani yamegeuka manjano na kufungwa utando mwembamba kama wa buibui, husema shamba limeingiwa na utitiri. Dukani atauziwa dawa ya utitiri. Ikishindwa atauziwa nyingine, na msimu ukiisha atakuwa amepulizia mara nyingi kuliko alivyopalilia. Katika safari yote hiyo ni nadra kukutana na mtu wa kumuuliza swali moja dogo: ni utitiri gani?

Swali hilo huonekana la watu wa vyuoni, wenye muda wa kuhesabu miguu ya wadudu. Sivyo. Ni swali la fedha, na kwa miaka mingi limekuwa likijibiwa kwa hasara ya mwenye shamba. Nchi inayojua idadi ya mifuko ya mbolea iliyoingia bandarini lakini haiwajui viumbe wanaofanya kazi ndani ya udongo wake, inafanya biashara bila kuhesabu mali iliyomo ghalani.

Jina la utitiri likitajwa, wengi hukumbuka banda la kuku au nyanya zilizokauka. Ukweli ni kwamba utitiri ni ukoo mkubwa, ndugu wa kupe na buibui, wenye miguu minane wakikomaa, na wengi mno kati yao hawapandi kwenye majani kabisa. Wanaishi udongoni. Katika mita moja ya mraba ya udongo wa msitu wenye majani yanayooza wanaweza kuhesabiwa makumi ya maelfu, na wengi hawafiki hata milimita moja kwa urefu.

Kundi mojawapo, linaloitwa kitaalamu Oribatida, hula majani yaliyokufa pamoja na ukungu, na kwa kufanya hivyo husaidia kurudisha rutuba ardhini. Wengine ni wawindaji. Hao hula minyoo, mayai na mabuu ya wadudu, wakiwamo vithiripi ambao hushuka udongoni kubadilika kabla ya kurudi wakiwa wakubwa kwenye kitunguu au ua la waridi. Kwa mkulima, wa kwanza ni vibarua wa mbolea na wa pili ni walinzi wasiodai mshahara. Wezi ni wachache tu. Lakini anayepulizia dawa bila kujua nani ni nani huwaua wote, na mara nyingi mwizi ndiye anayerudi wa kwanza.

Oribatida peke yao wamekwisha kuelezwa zaidi ya spishi 10,000 duniani, yaani aina ambazo kila moja ina jina lake la kitaalamu na maelezo yake kwenye maandishi. Wataalamu wanakadiria kwamba wasio na jina ni wengi kuliko hao.

Gharama ya kutowajua inaonekana vizuri Australia, nchi inayolima ngano na kanola kwa mashine kubwa na isiyo na upungufu wa maabara. Huko kuna utitiri wa rangi ya buluu iliyokoza, mwenye miguu myekundu, anayetembea juu ya udongo na kushambulia nafaka changa na malisho wakati wa baridi, kisha hupita kiangazi akiwa yai. Alionekana nchini humo kwa mara ya kwanza mwaka 1921, na kwa miongo mingi alihesabiwa kuwa spishi moja, Penthaleus major. Dawa moja, kipimo kimoja, ushauri mmoja kwa wote.

Dawa inapoua shamba hili na kushindwa shamba la jirani, lawama zake zinajulikana popote duniani. Mkulima husema dawa ni feki, muuzaji husema mkulima amekosea vipimo. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba huyo mmoja kumbe walikuwa watatu. Wa pili, Penthaleus falcatus, alielezwa mwaka 1996. Wa tatu, Penthaleus tectus, alipewa jina na mtaalamu Bruce Halliday mwaka 2005. Walipopimwa kila mmoja peke yake, falcatus alionekana kustahimili dawa kuliko wenzake, na hata mazao wanayopendelea yakawa tofauti. Falcatus ndiye msumbufu wa kanola, ilhali tectus anapatikana zaidi kwenye nafaka. Dawa haikuwa feki. Jina ndilo lililokuwa pungufu.

Kwa Waafrika habari hiyo ina kipande kingine cha kusikitisha kidogo. Utitiri mwingine anayewasumbua Waaustralia kwa kiwango kikubwa, mwenye miguu myekundu pia, asili yake ni Afrika Kusini. Aligunduliwa Bunbury, Australia Magharibi, mwaka 1917. Jina analotumia sasa, Halotydeus destructor, lilitokana na maelezo ya Tucker, huko Afrika Kusini, ya mwaka 1925. Kwa hiyo kiumbe wa udongo wa Afrika alikuwa amekwisha kuvuka bahari na kuanza kula malisho ya watu wengine miaka minane kabla ya kupata jina hilo. Ni wangapi wengine wa namna hiyo wamo katika udongo wa bara hili, wazuri na wabaya, hakuna daftari linaloweza kusema.

Hata wanaouza utitiri kama bidhaa wamewahi kukosea. Biashara hiyo ipo na ni kubwa. Wenye nyumba za vioo za Ulaya na Marekani hununua utitiri wawindaji wa udongoni, wakiwa wamechanganywa na vumbi la mboji ndani ya vikopo, na kuwamwaga kwenye vitalu ili wale mabuu ya nzi wadogo wanaotafuna mizizi. Kwa miaka mingi walinunuliwa kwa jina la Hypoaspis miles, spishi iliyoelezwa na Mwitalia Antonio Berlese mwaka 1892. Mwaka 2003 watafiti wawili walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba waliokuwa wakiuzwa Amerika ya Kaskazini hawakuwa hao. Walikuwa Stratiolaelaps scimitus, aliyeelezwa na Womersley mwaka 1956. Mnunuzi hakudhulumiwa, kwa sababu utitiri aliopewa walifanya kazi. Lakini kibali cha kuingiza kiumbe hai katika nchi hutolewa kwa jina lake, na jina likiwa si lake, kibali hicho ni sawa na leseni ya udereva yenye picha ya mtu mwingine.

Afrika Mashariki haijakaa kando ya mambo haya. Nchini Kenya, mashamba ya maua ya Naivasha yanatumia utitiri wawindaji kupunguza dawa, na zipo kampuni zinazowafuga na kuwauza. Wanunuzi wa Ulaya wanazidi kubana masharti ya mabaki ya dawa kwenye mazao, kwa hiyo soko la walinzi hao litakua tu. Swali ni kama eneo hili litaendelea kufuga wale waliogunduliwa na kuelezwa na wengine, au litaanza kutafuta wa kwake chini ya migomba, mikahawa na misitu yake.

Somo lililo karibu zaidi ni la muhogo. Kweli utitiri wa kijani wa muhogo si wa udongoni, anaishi kwenye majani, lakini habari yake inaeleza thamani ya kuainisha viumbe kuliko hotuba yoyote. Alionekana Uganda mwaka 1971, akiwa ametokea Amerika ya Kusini, na katika miaka michache akaenea katika nchi zinazolima muhogo. Jina lake, Mononychellus tanajoa, alikuwa amepewa na Bondar nchini Brazil tangu mwaka 1938. Hata hivyo wataalamu waliendelea kubishana iwapo walioingia Afrika ni spishi moja au mbili zinazofanana, na ubishi huo si wa bure, kwa kuwa anayetafuta adui wa mdudu ni lazima kwanza ajue mdudu mwenyewe ni nani na kwao ni wapi.

Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto (IITA) na washirika wake waliachia mashambani mamilioni ya utitiri wawindaji waliotoka Colombia. Hawakustahimili. Wataalamu wakarudi Amerika ya Kusini, safari hii wakatafuta kaskazini mashariki mwa Brazil, kwenye ukame unaofanana na wa sehemu nyingi za Afrika. Huko ndiko walikopatikana walioweza kudumu, akiwamo Typhlodromalus aripo, aliyeachiwa Benin mwaka 1993. Mchana hujificha kwenye kichipukizi cha juu cha mmea, usiku hushuka kwenye majani kuwinda. Alienea nchi kwa nchi, na katika mashamba yaliyopimwa Afrika Magharibi utitiri wa kijani walipungua kwa karibu nusu na mavuno yakapanda kwa karibu theluthi. Mkulima hakununua kitu.

Hapo kuna jambo ambalo wapanga bajeti hawapendi kulisikia. Huyo aripo alielezwa na De Leon mwaka 1967, miaka minne kabla utitiri wa kijani hajaonekana Uganda na miaka 26 kabla ya yeye kuachiwa Benin. Maelezo ya De Leon hayakungoja mradi wa muhogo. Yalikaa kwenye makaratasi, na siku yalipohitajika yalikuwapo. Kama yasingekuwapo, waliokwenda Brazil wangekuwa wameokota vijidudu vyeupe visivyo na historia.

Kumpa kiumbe jina la kitaalamu si sawa na kumpa mtoto jina la babu yake. Kazi huanza na udongo wenyewe. Donge la udongo na majani huwekwa juu ya wavu ndani ya faneli, na juu yake huwashwa balbu. Udongo ukikauka kuanzia juu, utitiri hukimbilia chini kutafuta unyevu, na mwisho hudondoka kwenye kichupa cha spiriti. Ni Berlese yule yule aliyebuni faneli hiyo mwaka 1905, akitumia joto la maji ya moto. Msweden Tullgren akaongeza balbu mwaka 1918. Mpaka leo kinaweza kutengenezwa kwa ndoo, kipande cha wavu na waya wa umeme. Balbu ya kuokoa umeme haifai, maana kinachotakiwa hapa ni joto lenyewe.

Huo ndio upande rahisi. Utitiri mmoja mmoja huokotwa kwa sindano au brashi ya nywele chache, akalowekwa kwenye asidi ya laktiki mpaka mwili uwe kama kioo, kisha akalazwa kwenye kipande cha kioo na kutazamwa kwa hadubini. Mtaalamu huhesabu vinyweleo vya mgongoni, vya tumboni na vya kila kiungo cha mguu, kwa sababu mara nyingi tofauti ya spishi moja na nyingine ni kinyweleo kimoja kilichopo au kisichokuwapo. Anachora kila upande kwa mkono. Anajiuliza kama aliyeko mbele yake ni mtu mzima au mtoto, kwa kuwa watoto wa utitiri wengi wa udongoni hawafanani kabisa na wazazi wao.

Baada ya hapo anatakiwa kusoma yote yaliyoandikwa kuhusu ndugu za kiumbe huyo, kwa Kilatini, Kijerumani, Kifaransa, Kirusi au Kiingereza, kuanzia zamani sana. Utitiri wa unga, Acarus siro, anayewajua wenye maghala, yumo katika kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758, ambacho ndicho kilichowekwa kuwa mwanzo wa majina yote ya wanyama. Asipofanana na yeyote, ndipo anapoelezwa kuwa mpya. Tangu mwaka 2000 kanuni za kimataifa zinakataa jina la spishi mpya ambayo mwandishi wake hakutaja kielelezo cha msingi, yaani kile kiumbe hasa kilichobeba jina hilo, na mahali kilipohifadhiwa. Siku ubishi ukitokea miaka mia baadaye, kielelezo hicho ndicho hati ya kiwanja.

Si ajabu basi kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kuwa spishi mpya hukaa kwa wastani wa miaka 21 kwenye rafu za makumbusho, tangu siku inapokusanywa hadi siku inapoelezwa. Huo ni wastani wa viumbe wa kila namna. Wanaoweza kuketi na kutaja utitiri wa udongo mpaka kwenye spishi ni wachache dunia nzima.

Hati za viwanja vya Afrika Mashariki ziko wapi? Nyingi ziko Ulaya. Msafara wa Kiswidi ulioongozwa na Yngve Sjöstedt ulikusanya viumbe Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, na utitiri wake walielezwa na Ivar Trägårdh mwaka 1908. Katika miaka ya 1980 Mhungaria Sándor Mahunka alieleza spishi nyingi mpya za Oribatida kutoka Tanzania na Kenya. Hao hawastahili lawama, wanastahili shukrani, kwani bila wao hata majina hayo yasingekuwapo. Tatizo ni kwamba kijana wa Morogoro anayetaka kuhakikisha utitiri aliyemwokota Uluguru leo, huenda akalazimika kuandika barua Ulaya na kungoja.

Kwa utitiri wa kwenye majani mambo yamesogea. Mwaka 2011 ilichapishwa kazi nzima kuhusu familia ya wawindaji wa Phytoseiidae nchini Kenya, familia ambayo huyo aripo ni mmoja wao. Nyanya na maua vina fedha, na fedha huvuta hadubini. Udongo hauna wa kuusemea, kwa sababu hasara yake haionekani siku moja. Hupungua kidogo kidogo, na mkulima huongeza mfuko wa mbolea.

Wapo wanaosema kwamba nchi zenye uhaba wa maofisa ugani na bei kubwa za mbolea haziwezi kuweka fedha kwenye vijidudu visivyoonekana. Hoja hiyo ina uzito, na anayeidharau hajawahi kukaa kijijini. Lakini kinachohitajika hapa si bajeti ya bwawa. Ni ajira chache za kudumu, hadubini nzuri, kabati zisizoingia unyevu, na umeme usiokatika. Ghali zaidi ni muda, kwa kuwa mtaalamu wa kazi hii hapikwi kwa semina ya siku tatu.

Wengine husema teknolojia ya vinasaba itamaliza kazi yote, kwamba itatosha kusaga utitiri na kusoma DNA yake. Ni kweli vinasaba vinasaidia sana kuwatenganisha wanaofanana. Lakini mashine hulinganisha inachosoma na kumbukumbu zilizopo. Kama kumbukumbu hazina mwenye jina, jibu linalotoka ni namba, na namba haina tabia, haina chakula, haina historia ya kuugua dawa fulani. Mtu wa kuunganisha namba na jina ni yule yule wa hadubini.

Brazil inaonyesha faida ya kuwa na watu wa namna hiyo nyumbani. Mtaalamu wake Gilberto de Moraes ni mmoja wa waandishi wa orodha ya dunia ya Phytoseiidae iliyotoka mwaka 2004, na nchi hiyo imeendelea kufundisha vijana wake kuainisha utitiri wa mimea na wa udongo. Wageni wanapokwenda huko kutafuta wawindaji, hukuta wenyeji wanaojua walicho nacho. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inazipa nchi haki ya kugawana faida inayotokana na viumbe wake. Haki hiyo ni ngumu kudai kwa kiumbe ambaye serikali yenyewe haijui kwamba anaishi kwake.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia panajulikana. Tanzania ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyotokana na sheria ya mwaka 2020 na yenye makao Arusha. Ina Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kenya ina Makumbusho ya Taifa na taasisi ya icipe, aliyoiasisi Thomas Odhiambo mwaka 1970. Kila nchi ikiajiri watu wawili wa utitiri wa udongo, wakapewa miaka kumi bila kuhamishwa idara, itakuwa imefanya jambo kubwa kuliko makongamano mengi.

Jambo la pili halihitaji hata fedha za serikali. Kila kampuni inayoomba kibali cha kuingiza, kufuga au kuuza utitiri wawindaji iagizwe kukabidhi vielelezo vyake kwenye hifadhi ya hapa nchini, jina lihakikishwe na mtu asiye mwajiriwa wake, na ada ya kibali igharamie kabati na hadubini. Vivyo hivyo kwa wanaouza mboji na mbolea za asili kwa madai kwamba zimejaa viumbe rafiki. Wakiulizwa ni viumbe gani, watakaoweza kujibu wataongeza bei kwa haki, na wasioweza watajulikana.

Bajeti za nchi za Afrika Mashariki husomwa Juni, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Wizara za kilimo hupeleka maombi ya ajira miezi mingi kabla ya hapo. Mistari miwili ya nafasi za kazi katika maombi hayo inatosha kwa mwaka wa kwanza, pamoja na faneli, spiriti na balbu ya zamani.